Rangi Aliyoitaka Mkunga

Fundi rangi waliyemwita Msasa hakuwa mtu wa kubembeleza wateja. Ukimpelekea gari bovu alikuambia ni bovu, na ukibisha alikuonyesha geti. Lakini Ijumaa ile alishika tama. Kesho yake mkunga mmoja mstaafu alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano, na wanawe watatu walikuwa wamechukua Korola yake kwa siri ili irudishiwe rangi yake ya kwanza. Tabu ni kwamba kila mmoja alipiga simu akataja rangi yake.

"Kijani," alisema kifungua mimba. "Nimekulia humo."

"Buluu," alisema binti wa katikati. "Kaka anajifanya anajua kila kitu."

"Nyeupe," alisema kitinda mimba. "Wale wamezeeka, wameshasahau."

Msasa akikosea, zawadi ya mama imeharibika na ndugu watatu wanaenda kwenye sherehe wamenuniana. Naye kwa miaka ishirini na sita hajawahi kukosea rangi.

Akachukua msasa laini, akauloweka, akasugua mlango wa nyuma mahali padogo, taratibu, mpaka rangi zikajitokeza moja ndani ya nyingine kama pete. Juu nyeupe. Chini yake buluu. Chini yake kijani. Na chini kabisa, karibu na bati, krimu.

Akawaita. Walikuja mbio, wakainama pamoja, vichwa vikagongana.

"Krimu?" kifungua mimba alishangaa. "Krimu ya nani?"

"Ya Wajapani," alijibu Msasa. "Gari hili limetoka kiwandani mwaka sabini na nne. Ulikuwa wapi wewe?"

"Sijazaliwa."

"Basi nyamaza."

Zile pete ziliwafungua midomo. Kijani ilikuwa ya enzi baba yao, seremala, alipobakiwa na rangi ya madirisha ya shule akaona isipotee bure. Buluu ilikuja gari lilipofanywa teksi, likawasomesha wote watatu, kwa kuwa lilikuwa linalamba mafuta tu, halinywi. Na nyeupe?

"Nyeupe ni siku huyu alipojifunza kuendesha," binti alisema akimnyooshea kidole kitinda mimba, "akakutana na geti."

"Geti ndilo lilinifuata!"

Walicheka mpaka binti akakaa chini kwenye tairi. Wakakubaliana: krimu. Msasa alikuwa ameshafungua kopo pale teksi iliposimama nje, akashuka mama mwenyewe, mkoba kwapani.

"Wezi wangu wako wapi? Muuza matairi kaniambia kaiona Korola yangu inaingia humu. Gari la miaka yote hiyo mnaliiba, hamna haya?"

"Mama, tulitaka kukushangaza."

"Mmenishangaza. Nimefika mpaka polisi na presha yangu hii!"

Wakamweleza. Mama akavaa miwani, akazitazama zile pete, akaguna.

"Hii krimu marehemu baba yenu aliichagua mimi nikiwa zamu, nazalisha watu. Kijani hakuniuliza. Buluu hakuniuliza. Nyeupe nyie mliniambia mkishapaka. Na leo tena mnanirudisha kwenye krimu."

Msasa, ambaye kuzunguka mbuyu hakukuweza, akauliza, "Kwani wewe mama ulikuwa unataka rangi gani?"

"Nyekundu."

"Mama!" kifungua mimba aliruka. "Kwa umri wako, gari jekundu?"

"Kwani nimesema naolewa? Nyekundu, fundi. Ile inayong'aa mpaka jirani anafumba macho."

Msasa akafunika kopo la krimu. "Mwenye gari kasema. Haya, kunjeni mikono ya mashati, hapa hakuna bosi."

Walisugua mchana kutwa. Mama alikaa kwenye benchi, anawasimamia kama wako leba: "Tuliza mkono! Usikimbilie! Pale bado!" Msasa mwenyewe alifokewa mara mbili, akacheka kama mtoto.

Kesho yake asubuhi akapuliza rangi, na alasiri Korola ikatoka getini kuelekea kwenye sherehe, nyekundu kama pilipili mbivu. Mama alishika usukani. Msasa alikaa mbele, maana mama alisema wageni hawapandi nyuma. Nyuma walibanana watu wazima watatu, mikono mapajani, hawathubutu kupumua.

"Rangi bado mbichi," mama aliwaonya kupitia kioo. "Atakayegusa mlango anashuka, anakuja kula kwa miguu."