Gari la Kumpeleka Projestus Muleba

Mimi Machage siwapendi watu wanaoongeza oili kila siku badala ya kuziba inapovujia. Benedicto ni mmoja wao. Hiace yake kuukuu nimeipigia kelele tangu mwaka juzi hapa gereji kwangu Kerende, naye hunicheka kwamba gari linalovuja ndilo lenye oili.

Siku hiyo lilikodiwa kumpeleka rafiki yangu Projestus kwao Muleba. Alikuja huku kuchimba dhahabu, kifusi kikamfunika, na wachimbaji wenzake wakachanga ili mama yake amzike mwenyewe. Asubuhi Benedicto aliuleta mwili kutoka mochwari mjini Tarime, tukamuaga hapa Kerende, jeneza likarudishwa garini. Honoratha, mjane wake, alikuwa ameshakaa pembeni yake.

"Njoo uone," Benedicto aliniita, akionyesha chini ya gari. "Leo halijadondosha hata tone! Mungu ana huruma."

Gari lile halijawahi kusimama mahali bila kuacha dimbwi. Nilichomoa dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, nikaifuta kwa kidole. Ilikuwa kavu kama kuni.

"Hamuondoki," nikasema. "Humu hamna oili kabisa."

Waombolezaji walinijia juu. "Maiti akishaagwa hateremshwi!" mzee mmoja alifoka. "Fundi, unatafuta kazi hata msibani?"

Iliniuma sana. Nilimjibu kwamba simteremshi mtu, nitatengeneza akiwa humo humo.

Nikalala chini ya gari. Nati ya sampo, ile ya kumwagia oili, Benedicto alikuwa ameizungushia kipande cha chubu ya baiskeli. Oili ya moto ilikuwa imekilainisha mpaka kikakatika, na oili yote ikamwagikia barabarani. Nilitukana kwa sauti, kisha nikakumbuka kwamba juu ya uso wangu, nyuma ya bati tu, amelala Projestus. Nikanyamaza, nikafunga nati mpya na washa ya shaba, pete ya kuzuia kuvuja, nikajaza oili.

"Washa!"

Halikuvuja. Watu wakapiga makofi, wakaanza wimbo wa kuondoka. Lakini mimi niliisikia injini ikigonga chini kabisa, ko, ko, ko, kwenye beringi. Ilikuwa imetoka Tarime ikijisaga. Benedicto alinitazama usoni, akaacha kuimba.

Honoratha alitoa kichwa dirishani. "Shemeji, tutafika?"

Mdomo wangu ulitaka kusema ndiyo. Gari lingine halikuwepo, na Muleba kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mtu aliyefiwa humwambii kila kitu, ndivyo tulivyolelewa.

"Sijui, shemeji," nikasema. "Injini imeumia. Inaweza kufia njiani."

Wimbo ulikatika. Yule mzee alinikata jicho. Honoratha hakulia. Alisogea, akapiga kiti kwa kiganja.

"Tangu juzi kila mtu ananiambia Projestus alikufa papo hapo, hakuteseka," alisema. "Chukua spana zako upande hapa. Tukifika au tusifike, njiani utaniambia na hilo."

Nilichukua boksi langu, nikapanda, nikakaa kati yake na jeneza. Benedicto akaondoa gari taratibu. Nilikuwa mmoja wa waliomfukua Projestus, na tulikuwa tunamsikia akiita.