Ngazi Thelathini na Nne

Kila asubuhi ikikaribia saa mbili, mkuu wa maabara ya kupima maji alisikia magongo yakipanda ngazi. Ngo, ngo, kisha kimya, kama mtu anayevuta pumzi. Akichungulia, ngazi tupu.

Wafanyakazi walimwita Mama Mstari. Saa mbili kamili alipiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio, na aliyefika baada ya hapo hakuhesabiwa. Kitabu kilikaa ghorofani, ngazi thelathini na nne. Miaka mitatu nyuma, mwanafunzi wa magongo alikuja kwa mafunzo ya kazi. Siku kumi na moja Mama Mstari alimsikia akipanda, kalamu mkononi, akapiga mstari kijana amebakiza ngazi tatu. Akaandikia chuo kwamba ni mtoro. Kijana akaacha masomo, na hakuna aliyejua alikoishia.

Jumatatu hiyo mlinzi alimwita chini. Binti alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, nyuma yake shangazi mwenye mdomo wake.

"Shikamoo, mama," binti akasema.

"Marahaba."

"Barua ya chuo hii, dada," shangazi akadakia. "Maabara mbili zimetukataa. Na wewe ukikataa, mtoto anapoteza mwaka. Sema mapema, miguu yangu si ya serikali."

"Kitabu kiko juu..." Maneno yalimtoka yenyewe.

"Basi mbebe!"

"Shangazi, mimi si gunia," binti akacheka. Kisha akamgeukia Mama Mstari. "Kitabu kitashuka, mama. Mimi naulizia hadubini. Nitapimaje maji nikiwa mlangoni?"

Juu yao magongo yakaanza. Ngo. Ngo. Hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Mama Mstari alihesabu kimoyomoyo mpaka thelathini na moja. Yakakoma palepale.

"Ee Mola," akanong'ona. Akaiweka barua ukutani, akatia sahihi.

"Mlinzi, fungua chumba cha madumu hapa chini. Toa yote."

"Leo, mama? Nani atabeba?"

"Mimi na wewe."

Alipanda mwenyewe kufuata hadubini. Alipofika ngazi ya thelathini na moja alijibana ukutani, kama anayempisha mtu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Chini, kwenye chumba kilichotolewa madumu, meza ilimfika binti kidevuni. Hakulalamika, alipima tu kwa kiganja jinsi ilivyozidi.

"Viganja viwili, mama."

Mama Mstari akamtuma mlinzi alete msumeno.