Mikono Iliyobaki Kwenye Cherehani

Teksi ya mjomba ilikuwa imeshapita kituo cha pili cha mafuta pale binti wa fundi alipotaka kupandisha kioo cha dirisha, maana vumbi lilikuwa linaingia, akakuta hana mikono. Ilikuwa imeishia kwenye vifundo. Hapakuwa na damu wala kidonda; palikuwa pakavu na laini kama kisigino cha mtoto mchanga.

Alimwomba mjomba asimame kidogo.

"Nimesahau mikono."

Mjomba alitazama saa, akatazama barabara. "Umeiacha wapi?"

"Nadhani kwenye cherehani."

"Si nilikwambia uhakikishe kila kitu kabla hatujatoka?"

"Nilihakikisha pasipoti."

Mjomba alisema wakigeuza, ndege itamwacha, na chuo hakitatoa tiketi mara mbili kwa mtu mmoja. Akapiga simu nyumbani, akawa anaendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemshikia binti simu sikioni.

Mama yake, fundi wa nguo, alisema ndiyo, mikono ipo, inashona. Tangu gari liondoke ilikuwa imeshakunja pindo za sketi kumi na moja. Ndivyo ilivyokuwa: binti alikuwa ameamka alfajiri kumsaidia mama, kwa sababu kulikuwa na oda ya sare mia nne na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Honi ilipopigwa aliinuka, akaagwa, akabebewa begi. Kazi haikusimama, na kwa zile pilikapilika za kuagana hakuna aliyeangalia.

"Macho yangu unayajua," mama alisema. "Uzi siuoni hata nikiwa nimeushika. Nenda tu, mwanangu. Sare zikiisha nakutumia."

"Zitaisha lini?"

"Hazitakawia."

Mjomba akaweka simu mfukoni, akampandishia kioo, wakaendelea na safari.

Alikokwenda, afisa wa uhamiaji alimwambia aweke vidole kwenye kile kioo chenye taa ya kijani. Binti akamweleza kwamba vidole viko nyumbani kwao, vinashona sare. Afisa akavuta fomu nyingine kutoka kwenye droo. Kulikuwa na kisanduku cha jambo hilo, kimeandikwa: kiungo kimebaki alikotoka, kwa muda. Afisa akatia alama. Alikuwa mtu mzima, amechoka, na chai yake ilikuwa imepoa. Alimwambia kwamba yeye ana nafuu; juzi alipita mama mmoja ambaye usingizi wake ameuacha kwa watoto, na bwana mmoja aliyeacha mgongo kazini kwake akaingia amebebwa kama zulia.

"Utaihitaji hapa?" afisa aliuliza.

"Nimekuja kusoma upimaji wa ardhi. Muhula mmoja. Kuna kuchora ramani."

"Basi waambie waharakishe," afisa akasema, akagonga mhuri.

Bwenini alipewa kitanda cha karibu na dirisha. Mwenzake wa chumbani alikuwa msichana mrefu aliyekuja kutoka nchi nyingine kwa muhula huohuo na somo hilohilo, naye alikuja mzima. Alikuwa na moyo mzuri. Wiki ya kwanza alimfunga vifungo huku akipiga soga, alimlisha supu, alimsugua mgongo. Wiki ya tatu alibandika ratiba nyuma ya mlango: vifungo saa moja na nusu, chakula saa saba, nywele Jumamosi. Hakuwa amekasirika. Alisema tu kwamba hakuwahi kujua binadamu mmoja anaweza kuwa na vifungo vingi namna ile. Binti naye akaanza kuvaa zile nguo za kutumbukiza kichwa, hata kwenye baridi, na kadi ya mlango akaining'iniza shingoni, akawa anafungua kwa kuegemeza kifua.

Ofisi ya wanafunzi ilimpa mwandishi, mzee mstaafu aliyekaa kando yake darasani na kuandika alichoambiwa. Mzee alikuwa na hati nzuri na hakuuliza maswali. Ila kanuni zilikuwa wazi kwamba mtihani wa vitendo lazima mwanafunzi auchore kwa mikono yake mwenyewe.

Jambo moja ni kwamba mikono, ijapokuwa iko mbali, aliendelea kuisikia. Huku kuna barafu kwenye vioo, yeye viganja vinamtoka jasho. Jumatatu alijua ni kola, kwa namna vidole vya shahada vilivyouma, Jumatano mifuko, Ijumaa pasi, kwa ule mvuke. Wiki ya sita, katikati ya somo la vipimo vya pembe, sindano ilipita kwenye ukucha wa gumba la kulia. Aliuma meno. Mzee mwandishi akamtazama, akasubiri, halafu akaandika alipoishia. Mchana alipopiga simu, mama alisema ni kidogo tu, ameshaifunga kitambaa, na imepumzika nusu saa nzima.

Na kila siku, saa tisa alasiri ya huko, ambayo nyumbani ilikuwa jioni baada ya kazi, alisikia mikono yake inapakwa mafuta, halafu inashikwa, inawekwa juu ya paja la mtu. Alijua paja ni la nani. Mama alikuwa amezoea kukaa nayo barazani. Aliwaambia majirani kwamba ina mazungumzo kuliko mwanawe wa kiume. Saa hiyo ya alasiri binti hakusikia lolote lililofundishwa, na mzee mwandishi alikuwa amejifunza kutomwuliza.

Mwalimu wa ramani alikuwa mwanamke asiyependa maneno. Alikuwa anawapeleka wanafunzi kwenye kilima nyuma ya chuo, kilichogawanywa viwanja arobaini na viwili, na kuwauliza mpaka upo wapi kabla ya kufungua vifaa. Binti wa fundi alikuwa anaonyesha kwa kidevu. Hakukosea hata mara moja. Mtu aliyekua akitazama mama yake anakadiria kiuno cha mteja kwa jicho tu, kutoka mlangoni, hawezi kushindwa na uzio wa jirani.

Mwalimu alimwita pembeni. Alimweleza kwamba kuna nafasi moja ya kubaki na kumalizia shahada palepale, na atakayechora vizuri kuliko wote kilima hicho ndiye atakayeipata. Mtihani ni wiki ya kumi na nne.

"Jicho unalo," mwalimu akasema. "Lete mikono."

Binti aliitaka ile nafasi. Hakuwa mtu wa kutaka mambo mengi, lakini hii aliitaka hadi ikamkosesha hamu ya kula, jambo ambalo mwenzake wa chumbani alilipokea kwa shukrani.

Simu ya wiki ya tisa ilipokelewa na kaka yake. Mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amebeba kitu. Mheshimiwa alimweleza kwamba zile sare mia nne zilikwisha zamani, lakini shule ya pili iliona mshono ule ikaleta oda, na shule ya tatu imeshasikia. Oda zote alizipokea yeye. Duka lilikuwa na sifa sasa, hata watu wa mbali walikuwa wanakuja kuutazama ule mkono wa kulia ukitunga uzi bila kutazama.

"Kaka, nina mtihani. Naomba mikono yangu."

"Mdogo wangu, mikono iko kazini. Wewe huko si unasoma kwa macho?"

"Na yako?"

Mheshimiwa alifikiri kidogo, kwa haki kabisa. "Yangu haijazoea," alisema.

Aliomba azungumze na mama. Mama akasema amesikia, hakuna shida, blauzi za shule ya pili zikiisha. Wiki ya kumi na moja zilikuwa kaptura. Wiki ya kumi na mbili mama aliongea polepole, sauti ikaenda mbali na kurudi, akasema ukweli ni kwamba sasa hata mkasi hauoni, na mikono ikiondoka hajui atabaki na nani. Binti alitaja tena tarehe ya mtihani. Halafu mama akasema, "Haya. Nitaituma. Lakini irudi."

Mikono ilifika asubuhi ya mtihani yenyewe, kwa posta, ndani ya boksi la nyuzi. Karatasi ya forodha ilisema: vifaa vya kushonea, vimetumika. Mwenzake wa chumbani, ambaye naye alikuwa na mtihani uleule saa nne, alilifungua kwa meno ya ufunguo. Mikono ilikuwa imezungushiwa kipande cha kitambaa cha kijani cha sare, na imelala. Ilikuwa imezeeka. Chini ya kucha kulikuwa na chaki, gumba la kulia lilikuwa jeusi, na ncha za vidole zilikuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Mwenzake aliishika, akaipima uzito, akasema, "Hii imechoka kuliko wewe."

Iliingia kwenye vifundo vyake kama mtu anayerudi kwenye viatu alivyoazimisha. Binti alijaribu kufunga kifungo. Ilifunga vyote kwa mara moja, na kola ikaigeuza kuangalia mshono.

Kwenye ukumbi, mikono iliishika penseli kwa kuilaza, kama chaki ya fundi. Karatasi iliilainisha kwanza kwa kiganja, mara mbili, kutoa mikunjo ambayo haikuwepo. Halafu ikaanza. Binti alikuwa anasoma vipimo, mikono inachora, na wanafunzi wa meza za jirani waliacha kazi zao wakatazama. Mistari ilitoka kwa mkupuo mmoja. Kijito cha chini ya kilima ilikichora kama shingo ya blauzi, na kilikuwa sahihi hadi kwenye kona. Kwa saa nzima binti alikuwa ameshaipata ile nafasi, na alijua hivyo.

Kisha mikono ikaanza kuchora mstari wa pili.

Ulikuwa mstari wa vidoti, nje ya kila mpaka, umbali uleule kuzunguka kiwanja chote. Binti aliuelewa mara moja. Mikono ilikuwa inaacha nafasi ya mshono. Kiwanja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alijaribu kuirudisha nyuma, akaiambia kwa sauti ya chini kwamba hii si nguo, basi, inatosha. Mikono haikuwa imezoea kuambiwa inatosha. Ilimaliza viwanja arobaini na viwili, na upande wa chini wa kila kimoja ikaongeza upana wa vidole vinne zaidi. Halafu ikaweka penseli, ikajikunja juu ya meza, ikalala.

Mwalimu wa ramani alikaa na ile karatasi kwa muda mrefu.

"Huu mstari wa nje ni wa nini?"

"Nafasi ya mshono."

"Na huku chini?"

"Upindo, mwalimu. Mtoto akirefuka unafumuliwa."

Mwalimu alisema ardhi hairefuki. Alisema kwa ramani hii kila mtu pale kilimani ameingia kwa jirani yake, na wa mwisho chini yuko mtoni. Alisema pia kwamba katika miaka yote ya kufundisha hajaona mistari safi kama hiyo.

"Nimekupa sifuri," akasema, si kwa ukali. "Ramani naomba nibaki nayo."

Muhula ukaisha. Uwanja wa ndege alimkuta afisa yuleyule, na safari hii akaweka vidole kwenye kioo chenye taa ya kijani. Taa haikuona kitu. Alama zote zilikuwa zimelika kwa kitambaa. Afisa akavuta ile fomu nyingine, akatia alama kwenye kisanduku kilekile.

Nyumbani, mjomba alipozima gari mbele ya duka, mikono ilichomoka vifundoni, ikashuka kwanza. Ilipita katikati ya marobota ya shule ya tatu, ikapanda kwenye cherehani, ikatafuta uzi. Mama alisikia cherehani linalia. Akainuka, akapapasa hewa mpaka alipoigusa, akaishika yote miwili.

"Mmerudi," akasema. "Mmekula huko?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akajibu kwamba wamekula.

Afisa wa uhamiaji alihamishiwa kwenye mizigo. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyepata ile nafasi. Alimaliza shahada, akaolewa hukohuko, na mpaka leo akisimama kwenye foleni huwafunga watu vifungo bila kuombwa. Mzee mwandishi alifariki katikati ya sentensi ya mwanafunzi mwingine. Ramani ya kilima ilitundikwa kwenye ukuta wa mwalimu, na alipostaafu aliondoka nayo. Mheshimiwa alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha mafundi nguo. Watoto wa shule zile tatu walirefuka, pindo zikafumuliwa, na walipofika mwisho wa upindo ziliagizwa sare nyingine.

Mama haoni kabisa sasa. Binti alimalizia shahada chuo cha nyumbani, anafanya kazi ofisi ya ardhi, dirisha la malalamiko ya mipaka, ambako anaonyesha kwa kidevu na hakosei. Jioni hukaa barazani na mama yake, na mikono katikati yao. Gauni lake la kazini lilishonwa palepale dukani, na lina upindo wa vidole vinne. Hajarefuka.