Kitambaa cha Ukutani

Ufa ulianza kama unywele. Mama Nyuzi aliuona asubuhi moja akifagia nyuma ya kitanda cha chumba cha wageni, akadhani ni utando wa buibui, akaupitishia ufagio. Ufagio ukapita, unywele ukabaki. Akainama, akaugusa kwa ukucha, na ukucha ukaingia.

Methali ya ufa na ukuta anaijua hata mtoto wa darasa la pili, na Mama Nyuzi alifika la nne. Hakuhitaji kukumbushwa. Lakini angemwita fundi, fundi angekuja na nyundo yake na mdomo wake, na mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri. Mtaa ukijua, mkwewe naye angejua. Kijana yule alikuwa mwema, ila mwoga wa kila kitu. Asingekubali mkewe ajifungue na kulelewa katika nyumba iliyopasuka. Angempeleka kwa mama yake, kwenye nyumba ya vigae, na Mama Nyuzi angekuwa mtu wa kubisha hodi, kuonyeshwa mtoto dakika kumi, kisha kuulizwa kama atakunywa chai.

Binti mwenyewe alikuwa mmoja tu. Alikaa miaka saba ndani ya ndoa bila mimba, na miaka yote saba mama yake alipiga magoti kwenye chumba hichohicho akiomba. Mimba iliposhika, alisimama mbele ya akina mama wa kikundi cha sala akatoa ushuhuda: Mungu amenipa mjukuu, na nyumba ya kumpokelea ninayo. Maneno yalishatoka. Maneno ni mate, ukishayatema huyalambi.

Basi akafanya kile alichokijua. Jina la Mama Nyuzi hakulipata bure. Miaka thelathini alidarizi mashuka, foronya na vitambaa vya meza, na hapakuwa na bibi harusi mtaani aliyelalia mto usiopita mikononi mwake. Alitafuta kitambaa cheupe kizito, kirefu kama mtu mzima, akakaa nacho siku tisa. Alikitia maua mekundu na ya manjano, majani yakipanda kutoka chini mpaka juu, na juu kabisa maneno ya buluu: NYUMBA HII INA MWENYEWE. Shina la ua alilichora kwa kuufuata ufa wenyewe, kona kwa kona. Hakukusudia. Jicho lilikuwa limeshauzoea, na mkono ukakataa kwenda njia nyingine.

Alipokuwa akipigilia misumari ya kukitundikia, alisikia mchanga ukitelemka ndani ya ukuta, taratibu, kama mtu anayemimina mchele kwenye ungo. Akatulia, nyundo mkononi. Mchanga ukaacha. Akapigilia msumari wa mwisho kwa kisigino cha kiatu, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

Wa kwanza kuja kukisifu alikuwa Mama Pacha, jirani wa ubavuni. Nyumba zao zilishikana. Ukuta mmoja ulitenga chumba cha wageni cha huyu na sebule ya yule. Mama Pacha alisimama mbele ya kitambaa, mikono kiunoni, akakitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayetazama maua.

"Wewe mwanamke, vidole hivi ulivipata wapi?"

"Vilikuwa vinagawiwa. Wewe ulikuwa umekaa pembeni unapiga soga."

"Haya, nimekoma. Nifundishe basi. Nataka kama hiki, kikubwa hivihivi, cha kufika sakafuni."

"Cha ukutani siku ya kwanza? Anza na cha meza, mwenzangu. Mtoto hutambaa kwanza."

"Meza yangu haina tatizo," alisema Mama Pacha.

Mama Nyuzi akacheka, akaenda kumtafutia sindano. Kwa wiki mbili Mama Pacha alikuja kila mchana na kitambaa chake chekundu, akajifunza, akachoma vidole, akagombezwa. Kosa lake lilikuwa mafundo. Alifunga uzi kwa fundo nene kama punje ya mahindi, hata ukimkanya mara kumi. "Upande wa nyuma hauonekani," alikuwa akijibu. "Nani atautazama upande wa nyuma?"

Wakati huo Mama Nyuzi alikuwa na shughuli yake ya siri. Alikata uzi mmoja mweupe, akaubandika kukatisha ufa, ncha hii huku na ncha ile kule, kwa gundi, ukiwa umekazwa sawasawa. Uzi ukibaki mzima, ukuta umetulia. Uzi ukikatika, ukuta unatembea. Kesho yake alifunua kitambaa akakuta umekatika, ncha zikining'inia kama masharubu ya paka.

Akabandika wa pili. Huo ulikaa siku mbili.

Wa tatu aliubandika umelegea. Akarudi nyuma hatua moja, akafumba macho: "Mungu wangu, huu usipokatika nitajua umenijibu." Haukukatika. Ungekatikaje, naye ameuachia nafasi ya kidole kizima? Hilo alilijua vilevile. Lakini kila alfajiri aliamka, akafunua, akauona mzima, akashukuru kwa sauti, kisha akashusha kitambaa haraka kabla jicho halijapanda juu, kule ambako ufa ulikuwa sasa unameza kidole.

Hofu yenyewe haikuja kwa kishindo. Ilikuja saa za mchana, watoto wako shule, mtaa umenyamaza, yeye ameketi anashona kishuka cha mtoto. Ukuta husema *tk*. Mara moja tu, kama mtu anayegonga ulimi kwa kukuona mjinga. Naye huinua kichwa. Kimya. Hurudi kwenye sindano, na mara tu mkono ukizoea mwendo wake: *tk*. Akawa anafungulia redio ya taarabu, yeye aliyekuwa akiwaambia wenzake kuwa redio humfukuzia mtu sala. Na sala zenyewe zilianza kumtisha, maana kila alipofumba macho aliusikia ukuta vizuri zaidi.

Jumamosi ndiyo ilipangwa binti aletwe, na akina mama wa sala walisema watakuja saa nane kukibariki chumba. Asubuhi hiyo Mama Nyuzi alifunua kitambaa kama kawaida. Uzi ulikuwa umekazika. Ule uliolegea, wenye nafasi ya kidole, ulikuwa umevutika ukutani kama kamba ya kuanikia nguo.

Alipanda kitandani. Hakuwa amepanga kutazama ndani, lakini macho yalishafika. Juu ufa ulikuwa na upana wa vidole viwili. Alitegemea kuona giza. Aliona wekundu.

Akasogeza uso. Ulikuwa kitambaa chekundu, upande wa nyuma, na kwenye upande huo wa nyuma mafundo, manene kama punje za mahindi, yamepangana.

Akakaa juu ya mto. Meza yangu haina tatizo. Kumbe mwanamke yule hakuja kutafuta maua. Ukuta ulikuwa umeachana kutoka chumba hadi chumba, na wao wawili wameuvalisha nguo mbele na nyuma, kila mmoja akidhani anamficha mwenzake.

Gari likazimwa nje. "Hodi wenyewe," ilisema sauti ya mkwewe mlangoni.

Kusema alitaka. Alifika mlangoni mdomo wazi. Lakini binti aliingia kwanza, tumbo mbele, miguu imevimba hadi viatu vimekanyagwa visigino, akamkumbatia mama yake kwa ubavu kwa kuwa mbele pamejaa. Alinukia sabuni ileile ya tangu utotoni. Maneno yakarudi chini.

"Mama, chumba kimependeza mpaka naogopa kukikalia."

"Kaa kwenye kiti hiki, mwanangu."

"Kiti kitanivunja kiuno." Binti akapanda kitandani, akaegemeza mto kwenye kitambaa, akaegemeza mgongo kwenye mto. "Hapa ndipo penyewe. Naona leo nitapata usingizi."

Mkwewe alishusha mifuko, akakagua dirisha kama lina wavu, akakagua swichi, akauliza maji ya kunywa yanachemshwa kwa dakika ngapi. Ukuta hakuugusa. Nani hukagua ua?

Saa nane akina mama walifika, kumi na mmoja, na khanga zao na sauti zao. Walijaa mkekani, na wale wazito, kama ilivyo ada, wakatafuta pa kuegemea. Watatu wakaegemea ukuta uleule. Mama Pacha alikuja wa mwisho, akasimama kizingitini.

"Ingia, Mama Pacha," alisema kiongozi wa kikundi. "Nafasi ipo hapa ukutani."

"Hapa panatosha. Nina joto."

Mama Nyuzi akamtazama, naye Mama Pacha akamtazama. Hakuna aliyepepesa macho. Kisha wote wawili wakatazama chini, kama watoto waliovunja chungu.

Wimbo ulianza. Ulianza kwa upole, ukapata makofi, na makofi yakapata miguu. Sakafu ikaitikia. Mama Nyuzi aliimba mdomo tu. Masikio yalikuwa kwingine. Aliona kitambaa kikivuta pumzi: kikaingia ndani kidogo, kikatoka. Aliona vumbi jembamba likishuka kutoka ukingo wa juu, likatua begani kwa binti, na binti akalipangusa bila kugeuka, akiendelea kupiga makofi. Aliomba. Aliomba kama hajawahi kuomba, kwamba wimbo uishe, na ulipoisha alishukuru mapema mno.

"Sasa, wapendwa," kiongozi alisema, akijipangusa jasho, "tusimame sote. Tuweke mikono kwenye ukuta huu alipoegemea mama kijacho, tuibariki nyumba. Mikono miwili, kwa nguvu zote, na imani."

Wakasimama. Viganja ishirini vikainuka kuelekea maua.

"Msiuguse."

Sauti ilitoka kavu, hata yeye hakuitambua.

"Ukuta umepasuka," alisema. "Umepasuka mpaka kwa Mama Pacha. Mwanangu, shuka kitandani. Polepole. Usijisukume kwa mgongo."

Kiongozi alibaki na mikono hewani. "Mama Nyuzi, kwa imani..."

"Imani ninayo. Ukuta ndio sina."

Akamshika binti mkono, akamvuta kama anavyovuta uzi dhaifu, bila kukata. Akina mama walitoka mmoja mmoja, viatu mkononi, wakinyata kama wanaotoka kwa mgonjwa aliyelala. Hakuna aliyekimbia. Kila mmoja alihisi kuwa akikimbia, ukuta utasikia.

Uani Mama Pacha alimfuata.

"Ungesema mapema."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuona umetulia. Nikasema huyu ndiye mwombaji, akinyamaza ana sababu, labda ameambiwa kitu ambacho mimi sijaambiwa." Akaonyesha nyumba yake kwa kidole. "Wajukuu zangu wanalala sebuleni pale. Nililala kwa imani yako, Mama Nyuzi."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alikuwa ameogopa kwa ajili ya binti, ameogopa kwa ajili ya jina lake. Hakuwa amewahi kuhesabu wale waliokuwa wakiegemea upande wa pili.

Fundi mwashi aliitwa, akaja na nguzo za kuegemezea ukuta. Aliingia peke yake, akang'oa vitambaa vyote viwili, akaweka sikio ukutani. Akatoka bila kuziweka zile nguzo.

"Rudini nyuma mpaka kwenye lango," alisema.

Akapitisha mti mrefu dirishani, akaugonga ukuta mara tatu, si kwa nguvu, kama anayebisha hodi. Ukuta ukakaa chini. Haukuanguka, ulikaa, wote kwa pamoja, na vumbi likatoka madirisha ya nyumba zote mbili. Lilipotulia, waliona kutoka uani mpaka sebuleni kwa Mama Pacha, saa yake ya ukuta wa mbele ikiendelea kwenda. Kitanda hakikuonekana. Ilionekana kona moja ya mto.

Mkwewe alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hakugomba, afadhali angegomba. "Tunaenda kwa mama," alimwambia mkewe, na Mama Nyuzi akaitikia kwa kichwa. Binti alifika kwenye gari, akasimama, mkono juu ya mlango.

"Siingii bila mama."

"Mwanangu, nenda. Mimi nina aibu."

"Njoo nayo," binti alisema. "Garini pana nafasi."

Nyumba ya vigae ilikuwa baridi na safi. Mama mkwe wa binti aliwapokea vizuri, akamlaza binti, akamvutia mgeni kiti kizuri karibu na kabati kubwa la vyombo. Mama Nyuzi alikaa. Baada ya muda akasogeza kiti mbele. Kisha tena, mpaka akawa katikati ya sebule kama anayesubiri kupigwa picha.

"Mwenzangu, kiti kinakuuma?"

"Hapana, mama. Nyuma ya kabati lile kuna nini?"

Mwenyeji akacheka. "Kuna ukuta. Kwani kwenu nyuma ya kabati huwekwa nini?"

"Tulisogeze."

"Leo? Limejaa vyombo hilo. Halijasogezwa tangu tuhamie."

"Tutavitoa kimoja kimoja. Mikono ninayo." Alikuwa ameshasimama, ameshakunja mikono ya gauni. "Nisamehe, ni nyumba yako. Lakini mtoto atalala upande wa pili wa ukuta huo, na mimi sitafumba jicho."

Mama yule akaacha kucheka. Akafungua mlango wa kabati, akaanza kumpokeza vikombe. Ilichukua karibu saa nzima. Walipolisukuma, wawili, bega kwa bega, walikuta ukuta mweupe wenye vumbi na kijiko kilichopotea zamani. Mama Nyuzi akapiga magoti, akaupitishia kiganja kutoka sakafuni mpaka mkono ulipoishia, akarudia upande wa pili, akibonyeza kwa ukucha kila baada ya shubiri moja. Ukucha haukuingia popote.

"Haya," alisema mwenyeji kwa upole. "Umeridhika?"

"Huu, ndiyo," alisema Mama Nyuzi. "Zimebaki kuta tatu."