Imeandikwa na Useni

"Si wewe mwenyewe uliandika kwenye tovuti yako kila mutu anaweza kunakili miongozo yako, Mama Jamila? Sasa kelele ya nini?" Useni aliwageukia wateja wake akicheka.

"Niliandika pia musiondoe jina la mwandishi. Pale hukusoma, papa?"

Tulikuwa katika duka lake la kompyuta, mtaa wa Birere. Kwenye skrini kubwa ukutani, tovuti yake ilionyesha mwongozo wangu wa kuweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta kuukuu. Niliuandika huku nikimnyonyesha Jamila. Chini yake palisomeka: Imeandikwa na Useni. Kwa huo na miongozo yangu mingine aliyoiba alikuwa amepewa kazi ya kufundisha, kazi niliyoiomba mimi.

"Mimi ninaandika kila siku," alisema. "Wewe rudi kwako Keshero, upike sombe yako ya majani ya muhogo."

Wateja wakacheka. Lakini mimi nilishagundua ujanja wake. Programu yake huchota kila ninachochapisha, hufuta jina langu na kuweka lake, naye hasomi hata neno moja.

Nikatoa simu, nikafungua tovuti yangu na kuandika habari mpya ya sentensi moja. Kwenye tovuti yangu sentensi hiyo ingesomeka kwa jina langu, na aibu hiyo niliikubali.

"Unamuandikia nani?" aliuliza Useni.

"Wateja wako."

Nikabonyeza Chapisha. Muda si muda skrini ikabadilika, na mzee mmoja akasoma kwa sauti:

"Mimi ni mwizi wa kazi za watu. Imeandikwa na Useni."

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda kununua sombe.