Ngazi ya Gesti ya Mama Masudi

Mama Masudi hakuitikia shikamoo ya Vumilia, mfagiaji wa ofisi. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akamwambia Theonest, mchora ramani, "Haya, nioneshe ngazi yangu."

Theonest akaizungusha kwenye kioo. Ilikuwa ngazi nzuri kweli, imepanda kwa mkunjo mmoja kutoka mapokezi hadi vyumba vya juu vya gesti mpya ya Buseresere. Kikaragosi cha mwanamume kilisimama katikati yake, kimenyooka.

"Na vyumba ni kumi na kimoja?"

"Kumi na kimoja, Mama, kama ulivyotaka."

Vumilia alikuwa pembeni akipanga karatasi kwenye mashine ya kutolea kopi. Yeye alijua kilichofichwa. Asubuhi ile Theonest alikuwa amelizima zege la sakafu ya juu kwenye programu ya kuchorea lisionekane, eti ngazi ipendeze. Lile zege lilipita karibu mno juu ya kipandio cha saba, kwa sababu uwazi wa ngazi kwenye sakafu ya juu ulipunguzwa ili chumba cha kumi na moja kipate nafasi. Mama Masudi akikubali leo, mafundi wanaanza kusuka nondo Jumatatu.

Mdomo wa Vumilia ulikuwa mzito. Theonest alikuwa amemruhusu kujifunza programu ile saa za mchana tu, akishafagia.

"Kaka Theo," alisema, akitazama sakafu, "liwashe na zege."

"Aliyeishia darasa la tano amekuwa injinia," Theonest akasema. Mama Masudi akacheka.

Vumilia akasogea, akashika kipanya mwenyewe. Zege likatokea, zito, juu ya kichwa cha kikaragosi.

"Si anapita?" Theonest akafoka. "Mita moja na tisini. Unataka apite twiga?"

"Mhudumu hapiti akiwa na ndoo."

Akakifupisha kikaragosi kikawa na kimo cha mwanamke, kisha akakichorea ndoo ya lita ishirini kichwani. Ukingo wa ndoo ukazama ndani ya zege.

Mama Masudi aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nani kakwambia gesti yangu itabeba maji kichwani? Unaniona fukara? Maji yatapanda kwa bomba."

"Gesti yako ya Stendi nayo ina bomba, Mama."

"Unaijuaje ya Stendi?"

"Nilifanya kazi kwako miaka miwili. Maji yalitoka kwa wiki mara moja. Tulipandisha ndoo kila asubuhi."

"Wasichana wangu ni wengi. Na hakuna aliyewahi kugonga ndoo."

"Niligonga mimi. Nilianguka na ndoo mpaka chini. Ulinikuta nimekaa kwenye maji, ukaniambia niyakaushe kabla wageni hawajaamka."

Theonest akakohoa. "We binti, nenda kafagie nje."

"Mwache," Mama Masudi alisema, ila hapakuwa na wema katika sauti yake. "Sasa nimekukumbuka. Ndiye wewe uliyeondoka bila kuaga. Umekuja kunisema mbele ya watu?"

"Nimesema ngazi, Mama."

"Na ukiipanua hiyo ngazi, chumba changu?"

"Kinaliwa. Kitabaki stoo ya mashuka."

Mama Masudi akakikodolea macho kioo, pale ndoo ilipozama. Kisha akamgeukia Theonest. "Na wewe ulinifichia zege kama mimi mtoto. Kata chumba. Na hapa hapa, nikiona."

Theonest alishika kipanya, akabonyeza huku na huku, uwazi ukakataa kupanuka.

"Mpishe huyo anayejua," Mama Masudi akasema. "Lakini nikija kuchukua ramani iliyopigwa mhuri, nisimkute. Ukimweka, kazi napeleka kwa mchora ramani wa Chato."

"Umesikia," Theonest akamwambia Vumilia, akasimama. "Maliza, uchukue vitu vyako."

Vumilia akaketi. Akauvuta ukingo wa uwazi mpaka kipandio cha tano, akapima, akapata mita mbili na thelathini. Akakipandisha kikaragosi kipandio kwa kipandio mpaka juu, na ndoo yake. Hakikugusa popote. Akauvuta uwazi sentimita kumi zaidi, maana wapo wanawake warefu.

Karatasi ikatoka kwenye mashine. Alimkabidhi Mama Masudi kwa mikono miwili. Mama Masudi akaipokea kwa ncha za vidole, akatoka. Theonest alikuwa tayari ameshika mlango, akimsubiri Vumilia naye apite.