Kazi Nyepesi Tu

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, wafanyakazi wa kampuni ile ya matangazo hukusanyika chumba cha mikutano kugawiwa kazi, na kila Jumatatu Mama Vikaratasi hukaa kiti kilekile cha mlangoni. Mtu anayejua atakachopewa hana haja ya kukaa mbele. Wenzake hupewa mabango ya barabarani, redio, televisheni. Yeye hupewa vikaratasi: yale maelezo yanayokunjwa mara nane na kusokomezwa ndani ya boksi la dawa, ambayo hayasomwi na yeyote, hata mgonjwa mwenyewe. Mwaka wa tisa huu, na jina limeshamganda.

Si kwamba kuandika hajui. Enzi zake aliandika tangazo la sabuni ambalo watoto wa mitaani waliligeuza wimbo wa kurukia kamba. Lakini hao watoto sasa wana ndevu.

Jumatatu hii alikuwa na anachokitaka. Maktaba ya watoto ilikuwa inafunguliwa, na bango lake moja lingesimikwa mbele ya shule ya binti yake. Wiki iliyopita binti huyo alimuuliza, bila ubaya wowote, "Mama, hivi tangazo lako wewe ni lipi? Wenzangu wananiuliza." Mama mtu akasema ngoja akatazame jiko, akakaa hukohuko jikoni mpaka mboga ikaungua.

Meneja alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, mpole, mtu wa kuuliza kila wiki "Nyumbani hawajambo, dada?" kwa sauti ya msibani. Akawasha projekta aonyeshe orodha ya kazi. Badala yake akafungua jedwali lake mwenyewe la siri, analotumia kuamua nani apewe nini. Ukutani yakatokea majina yote, na mbele ya kila jina, neno. Mbele ya Kofia, mwandishi asiyevua kofia yake kwa jua wala kwa mvua: "Apewe kubwa. Akumbushwe tarehe." Mbele ya Mama Vikaratasi: "Kazi nyepesi tu. Ana mtoto mgonjwa."

Meneja akabonyeza huku, akabonyeza kule, picha ikang'ang'ania ukutani. Kofia akamwinamia bibie taratibu.

"Pole sana, dada. Sikujua kabisa. Amelazwa wapi?"

Mgonjwa mwenyewe saa hiyo alikuwa uwanjani anacheza netiboli, akiwafokea wenzake kama askari wa barabarani.

Ndipo ikamjia. Miaka tisa iliyopita binti alikuwa na miaka sita, kifua kimembana, hospitali wakakaa miezi mitatu. Alimwendea meneja wa wakati ule, akasimama mlangoni na kusema, "Naomba kwa sasa nipewe kazi nyepesi." Akakubaliwa papo hapo, akatoka analia kwa shukrani. Mtoto akapona. Meneja yule akahama, akaja mwingine, naye akahama, akaja huyu. Jedwali likarithiwa kama sufuria ya ukoo, na hakuna aliyekumbuka kulisugua.

Wenzao walipotoka, meneja alishindwa kumtazama usoni.

"Nisamehe, dada. Nililikuta hivyo. Niliogopa kukuuliza nisije nikakutonesha kidonda."

"Ana miaka kumi na mitano. Ameshanipita kimo."

"Sasa mbona hukusema?"

Angejibu nini? Kwamba alidhani amechuja, na kwa kuogopa kuambiwa hivyo hakuuliza? Yeye alisubiri aulizwe, wao wakasubiri aseme, na huruma yao ikamzika mzima mzima. Hata hasira hakuwa nayo. Hasira inataka nguvu, na zake zilikwisha zamani.

"Nataka maktaba," akasema.

"Nimeshampa Kofia. Inayofuata nakuahidi..."

"Inayofuata siitaki. Nataka hii."

Meneja akafikiri. "Mteja anakuja kesho. Niletee tangazo lako leo kabla ya saa kumi na moja. Litakaloshinda ndilo tutakalompelekea."

Mama Vikaratasi akaketi mezani pake, akaandika, "Tikisa kabla ya kutumia." Akafuta. Akaandika, "Hifadhi mahali pakavu." Akafuta. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, na kila alichogusa kilinuka dawa. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Labda sasa jedwali lilikuwa sahihi. Labda miaka tisa ya kazi nyepesi ilikuwa imemfanya mtu wa kazi nyepesi, na sasa analia na nani?

Saa kumi vidole vikaandika vyenyewe, "Weka mbali na watoto." Alikuwa ameyaandika maneno hayo mara zisizo na idadi. Akataka kufuta, akasita. Alimkumbuka binti yake kitandani hospitalini, ananyoosha mkono kukifikia kitabu cha picha ambacho yeye mama, kwa uchovu, alikipandisha juu ya kabati pamoja na chupa za dawa. Nesi alikishusha akasema, "Hiki si dawa, mama. Hiki mwekee karibu."

Akafuta neno moja tu, akaandika jingine. Juu yake akatia kichwa cha neno moja, na chini yake, kwa herufi ndogo alizozizoea, akaongeza mistari miwili.

Meneja alikisoma kile kikaratasi mara mbili, akampa Kofia aliyekuwa amesimama pale na tangazo lake mkononi. Kofia akasoma kwa sauti.

"Kitabu. Weka karibu na watoto. Tumia kutwa mara tatu. Ukizidisha dozi, hakuna madhara."

Akavua kofia. Alikuwa na upara, maskini, na hakuna aliyekuwa akijua. Lake akalikunja, akalitia mfukoni.

"Nenda na hili, meneja," akasema. "Mimi maktaba yoyote sijawahi kuingia."

Mama Vikaratasi alitaka kufurahi, lakini miguu ilikuwa inamuuma, akatafuta kiti kwanza. Meneja akafungua lile jedwali, akamsogezea kompyuta.

"Futa mwenyewe, dada. Andika unavyotaka."

Kufuta hakukuchukua muda. Lakini mbele ya kile kisanduku kitupu alikaa kitambo, akifikiria meneja atakayekuja baada ya huyu, na yule wa baada yake. Kisha akaandika neno moja.

"Muulizeni."